Vifungo kwa Usawa wa Macho

Halmashauri ya mji inapenda kuwaarifu wananchi wote kwamba kijumba cha matofali kilichopo mwisho wa mtaa wa nyuma ya soko, chenye mlango wa kijani na madirisha madogo yaliyozungukwa na maua ya kutambaa, kimetambuliwa rasmi kuwa Kivutio cha Mji cha Daraja la Kwanza. Kwamba mapambo yaliyomo ndani yake, ambayo yote yametengenezwa kwa mikono, hayana kazi nyingine yoyote isipokuwa kufurahisha macho. Na kwamba, ili yadumu kwa faida ya vizazi vijavyo, ni marufuku kwa mtu yeyote kuyagusa.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye ubao wa halmashauri, kati ya onyo kuhusu mbwa wasiochanjwa na taarifa ya kukatika kwa maji. Lipo hapo hadi leo. Limepauka kidogo kwa jua, lakini hakuna aliyelifuta, kwa hiyo linaendelea kuwa kweli, kwa namna ile ambayo mambo ya halmashauri huwa kweli.

Mwenye kijumba ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti inayomtangulia mlangoni. Kazi yake ilikuwa kushona nguo za wagonjwa hospitalini, mpaka alipostaafu na kupewa saa ya ukutani ambayo haikuwahi kwenda. Mtaa humwita Mama Vifungo. Jina halikutokana na mtoto, maana hakujaliwa. Lilitokana na vifungo vya nguo, ambavyo alikuwa navyo makopo kwa makopo: vya koti, vya shati, vya mbao, vya pembe, vya shaba, na vingine vikubwa vya plastiki ambavyo hakuna aliyejua vilitoka kwenye vazi gani, wala mtu mwenye akili timamu angevaa vazi hilo wapi.

Mumewe ni Fundi Saa. Enzi zake alikuwa na meza yake karibu na posta, na jicho moja lilikuwa na lenzi muda wote, kiasi kwamba watu walimsalimu upande wa jicho jingine. Kisha presha ya macho ikamwingia, na kuona kukamtoka polepole, kutoka pembeni kuja katikati, mpaka siku moja akamuuliza mkewe mbona taa haijawashwa. Ilikuwa saa sita mchana.

Sasa, Fundi Saa ni mtu wa kiburi. Mkewe husema ni kiburi, yeye mwenyewe husema ni heshima, na wote wawili wana haki kidogo. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu.

"Mtu asijue," alisema.

"Asijue vipi? Utajigonga kwenye kila mlingoti mtaani, watadhani umelewa."

"Heri wadhani nimelewa. Wakijua sioni, wataanza kuniongelesha kwa sauti kubwa, kana kwamba ni masikio yaliyoharibika. Niahidi."

Akamwahidi. Ndiyo maana kila asubuhi Mama Vifungo huifuta miwani ya mumewe mpaka ikang'aa, miwani isiyomsaidia chochote, kwa ajili ya watu. Na ndiyo maana wanapotoka hushikana mikono, bega kwa bega, mpaka wanawake wa mtaani wakawa wanawanyooshea waume zao kidole: waone wenzao, wazee wale, bado wanapendana kama maharusi. Mama Vifungo akisikia hivyo hutabasamu, huku akimbana mumewe ubavuni kumwambia kuna mtaro mbele.

Nje lilikuwa jambo dogo. Kazi ilikuwa ndani. Mwanzoni kabisa, Fundi Saa alifungua kabati la nguo akidhani ni mlango wa choo. Yaliyofuata si ya kuandikwa. Itoshe kusema kwamba koti lake la harusi halikuvaliwa tena. Mkewe akanyoosha kamba ya katani kutoka kitandani mpaka chooni.

"Toa hii," Fundi Saa alisema. "Mimi si mbuzi."

"Mbuzi angekuwa na shukrani."

Lakini akaitoa. Akakaa na makopo yake ya vifungo siku kadhaa, akifikiri kama mshonaji. Kule hospitalini alikuwa ameshona nguo za wagonjwa wasioweza kunyanyua shingo, na alijua kwamba kifungo hakina haja ya kuonekana; kina haja ya kupatikana. Basi akamsimamisha mumewe kwenye korido, mikono chini, amelegea, vilevile kama mshonaji anavyomsimamisha mteja, akamwambia apite. Pale vidole vyake vilipogusa ukuta vyenyewe, bila kutafuta, akapiga alama ya chaki. Mstari wa chaki ukazunguka nyumba nzima kwa kimo cha mkono wa mtu mmoja. Na juu ya mstari huo, kwa lipu na gundi, akaipambanua nyumba.

Vifungo vikubwa vya koti viliongoza njia ya kwenda chooni. Vidogo vya shati vilikwenda chumbani. Vya shaba, baridi, vilikwenda jikoni. Mlango wa chumba ulivikwa kishikio cha sufu iliyofumwa, laini kama sikio la paka. Wa jikoni ulipigiliwa mwiko wa mbao. Wa choo uliwekewa kijiko cha chuma kilichokunjwa. Mbele ya jiko alitandika zulia dogo la mafundo aliyoyafunga kwa vitambaa chakavu, gumu chini ya mguu, ambalo maana yake ilikuwa moja: simama, moto. Kiti cha Fundi Saa kilikuwa na mkono mmoja wa kodrai yenye mistari na mwingine wa mahameli laini, ili ajue anatazama wapi, kama kutazama ndilo neno. Kwenye kitambaa cha meza alishonea kiduara cha uzi palipokaa kikombe. Na dirishani Fundi Saa mwenyewe, kwa vidole vyake vya zamani, alitungika magurudumu ya saa zilizokufa, yakawa yanagongana kwa upepo na kumwambia kama dirisha liko wazi.

Wote wawili walikuwa na aibu ya kukiri kwamba ni misaada. Kwa hiyo Mama Vifungo akayapamba. Mstari wa vifungo akauchorea mashina na majani, ukawa mmea wa kutambaa wenye maua. Kijiko kikapata macho na sharubu. Mafundo ya zulia yakapangwa kwa rangi, jua katikati na ndege pembeni. Mgeni akiingia huona kijumba cha hadithi za watoto, cha mtu aliyekataa kukua. Fundi Saa aliingia humo akakivaa kama koti lililopimwa. Alitembea mle ndani haraka kuliko mkewe, akijibebea chai mwenyewe, huku akipiga mluzi.

Hapo ndipo alipoingia mdogo wake Mama Vifungo, mwenye duka la mapazia.

Mdogo mtu hakuwa mbaya. Ni vizuri kulisema mapema, kwa sababu dada yake alisema mengine. Alikuwa mtu ambaye kitu kizuri akikiona hana amani mpaka na wengine wamekiona, na ikiwezekana wamejua kuwa ni ndugu yake. Alipiga picha za kijumba kwa simu, akazirusha mtandaoni, zikaenda zilikokwenda, na siku moja mlangoni akasimama Bwana Mandhari.

Cheo chake kamili kilikuwa kirefu na kilihusu mandhari, utamaduni na mapokezi. Alikuwa na viatu vilivyochongoka na tabia ya kurudi nyuma hatua kadhaa ili atazame kitu, jambo ambalo katika kijumba kile lilimfanya agonge mgongo mara kwa mara.

"Mama, hapa kuna uchangamfu wa hali ya juu," alisema akijisugua mgongo. "Falsafa yako ni ipi?"

"Kutojigonga," alisema Mama Vifungo.

Bwana Mandhari alicheka kwa furaha akaliandika, kisha akaomba kijumba kifunguliwe kwa wageni.

Mama Vifungo alikuwa tayari kumfukuza. Aliyemzuia ni mumewe, jioni ile, akiwa ameuweka mkono juu ya kodrai.

"Kubali, mke wangu."

"Nikubali watu kuingia na kutoka hapa kama sokoni? Wewe si ndiye hutaki kujulikana?"

"Nitakaa kwenye kiti changu na miwani yangu. Nani atajua?" Akapapasa kodrai. "Mimi hivi vitu nimevigusa tu. Unaniambia kuna ndege, kuna jua. Ningependa walau mtu mmoja aione kazi yako."

Hilo ni la kusemwa na mwanamume mara moja katika ndoa, na akilisema mke hana ujanja. Akakubali. Baadaye, katika orodha ndefu ya watu aliowakasirikia, alimweka mumewe pia, kwa sababu ya maneno hayohayo.

Siku ya uzinduzi walikuwa na miadi kliniki ya macho asubuhi. Waliwaambia watu wanakwenda kununua mkate. Daktari akawaambia aliyowaambia mara ya mwisho, kwa sauti ya upole zaidi, na wakarudi wameshikana mikono. Ufunguo walikuwa wamemwachia mdogo mtu anyweshe maua.

Mama Vifungo alifungua mlango, akamwachia mumewe mkono kama kawaida, akabaki kizingitini akivua viatu. Fundi Saa akaingia huku akipiga mluzi. Mkono wake ukashuka ukutani. Mluzi ukakatika.

Alipapasa mbele, akapapasa nyuma. Ukuta ulikuwa laini, umepakwa rangi mpya, mtupu kama kiganja. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kiburi hakumwita mkewe. Alisogea, akitegemea kwamba kifungo kinachofuata kitakuwa mahali pake. Hakikuwepo. Akapita mlango ambao haukuwa na mwiko, akisubiri mafundo chini ya mguu yamwambie asimame. Mguu wake haukuambiwa kitu. Akanyoosha mkono kujishika, akashika jiko, ambalo juu yake mdogo mtu alikuwa amebandika birika la chai ya wageni.

Sauti aliyoitoa ilimfikia mkewe akiwa na kiatu kimoja mguuni.

Alipomaliza kumtumbukiza mkono kwenye beseni la maji, ndipo alipotazama nyumba. Vyote vilikuwepo. Hakuna kilichoibwa wala kuvunjwa. Vifungo vilikuwa vimebanduliwa kwa uangalifu mkubwa na kubandikwa upya kwenye ubao mrefu, juu, kwa mstari ulionyooka kama rula. Mwiko, kijiko na kishikio cha sufu vilikuwa pamoja ndani ya fremu ya kioo. Zulia la mafundo lilitungikwa ukutani kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye mhusika, lilikuwa zuri mno kukanyagwa. Kiti kilikuwa kimegeuzwa kulitazama dirisha. Magurudumu ya saa yalikuwa yamefungwa uzi yasipige kelele. Na kando ya mlango wa mbele palipigiliwa kibao kizito cha shaba chenye herufi nene zilizoinuka: USIGUSE.

"Mshangao!" alisema mdogo mtu, akitokea bustanini na mashada ya maua. Akauona uso wa dada yake. "Nini tena?"

"Nani alifanya hivi?"

"Halmashauri, dada. Walileta mafundi asubuhi asubuhi. Bwana Mandhari mwenyewe alisimamia, hata maji hakunywa. Alisema vilikuwa chini mno, mtu mzima anapita bila kuviona. Sasa vyote viko usawa wa macho. Si pamependeza?"

"Usawa wa macho."

"Ndiyo, eti ndiyo sheria ya maonyesho kila mahali."

"Macho ya nani?"

Mdogo mtu hakuelewa swali, na dada yake hakuwa na ruhusa ya kulieleza. Kutoka kwenye beseni Fundi Saa alikuwa ameinua uso, na alikuwa akitikisa kichwa polepole, kushoto, kulia. Niahidi. Na Mama Vifungo alikuwa ameahidi. Angeweza kumaliza ugomvi ule kwa sentensi moja fupi, lakini hiyo ndiyo aliyokatazwa, kwa hiyo akatumia nyingine zote.

"Nilikupa ufunguo unyweshe maua! Maua! Nilikwambia uniletee jeshi?"

"Mbona unanifokea kana kwamba nimeiba?"

"Ungeiba ningejua pa kwenda kushitaki! Ungeiba ningekupa na mfuko! Mtu anakaa na nyumba yake, hajamkopa mtu, hajamsengenya mtu—"

"Hapo sasa umetia chumvi, dada. Umesengenya sana."

"—halafu mnakuja kuninyooshea! Nani aliwaambia imepinda?"

"Shemeji," mdogo mtu alimgeukia Fundi Saa, machozi yakimlengalenga, "hebu mwambie. Wewe mwenyewe si unaona palivyopendeza?"

Fundi Saa alikuwa amekaa, mkono majini, miwani ikimeta.

"Naona," alisema.

Mama Vifungo akalipiga teke beseni. Hakukusudia, ulikuwa mguu wenye kiatu.

Hakukuwa na muda wa kurudisha kitu. Wageni walikuwa wameanza kufika, na utepe mwekundu ulikuwa umefungwa getini. Alimfunga mumewe bandeji, kiganja na vidole vyote, vidole vilevile vilivyokuwa vikisoma nyumba, akamketisha kwenye kiti kilichogeuzwa. Akavaa aproni. Ndani ya mfuko wa aproni akatia nyundo. Hakuwa na mpango nayo, aliwaambia watu baadaye. Alitaka tu kitu kizito karibu.

Hotuba ya Bwana Mandhari ilikuwa ndefu na ya kusifu. Alisema kijumba hiki ni kicheko kilichojengwa kwa matofali. Alisema dunia imejaa vitu vyenye kazi, na kwamba hapa, hatimaye, kuna vitu visivyo na kazi hata kidogo, ambavyo ni uzuri mtupu; na aliposema mtupu alifumba macho. Alisema pia kwamba mama mwenye nyumba ni mnyenyekevu mno hata hataki kusema neno. Mama Vifungo alikuwa ameuma meno kiasi kwamba kweli asingeweza kusema neno.

Kisha watu wakaingia, mikono nyuma kama walivyoelekezwa, shingo juu. Walijaa korido, walijaa jikoni. Mama Vifungo akajikuta amebanwa kati ya jiko na mke wa mwenye bucha, ambaye alikuwa anataka kujua gundi gani ilitumika.

Ni wakati huo Fundi Saa alipobanwa na mkojo.

Hakuna cha ajabu hapo. Ni mzee, na tangu arudi amenyweshwa maji kwa ajili ya kidonda. Alikaa akavumilia. Alivumilia mpaka kuvumilia kukawa hatari kuliko kusimama. Akainuka, akatafuta kodrai ili ajue upande, akakumbuka kwamba kodrai sasa haimwambii kitu. Akachagua upande. Akatembea kwa hatua za mtu asiye na wasiwasi, maana hiyo ndiyo hatua aliyokuwa ameizoea mbele za watu, mkono mzima ukipita ukutani, kwenye rangi mpya isiyo na habari.

"Mzee, samahani," alisema Bwana Mandhari kwa ucheshi, "hata wewe. Tusiguse ukuta."

Watu wakacheka. Fundi Saa naye akacheka, akauondoa mkono.

Kutoka jikoni, kupitia mabega ya watu, Mama Vifungo alimwona akiingia chumbani badala ya kuendelea mbele. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kwa ajili ya maonyesho, na ndani yake walikuwemo wazazi wa watu, walimu, mwenye bucha na mpiga picha wa halmashauri. Na mbele ya Fundi Saa, moja kwa moja, kabati la nguo.

"Fundi!" aliita. "Kushoto! Rudi kushoto!"

"Mwache, mama," alisema Bwana Mandhari kwa sauti ya chini. "Ni picha nzuri. Mwenye nyumba katika mazingira yake."

Fundi Saa alikuwa ameshafungua kabati. Mkono wake mzima ulikuwa kwenye mkanda wa suruali. Mpiga picha aliinua kamera. Na Mama Vifungo, aliyekuwa amebanwa na mke wa mwenye bucha kiasi cha kushindwa kupumua, alijua kwa uhakika mkavu kwamba baada ya sekunde hiyo mumewe hatatoka tena nje ya nyumba hii, si kwa kushikwa mkono wala kwa miwani iliyofutwa.

Kilichomwokoa ni nondo. Au tuseme, vidonge vya kufukuza nondo, wale wadudu wanaokula nguo, ambavyo mkewe alikuwa amevijaza kabatini tangu yale masaibu ya koti. Harufu ilimpiga puani. Fundi Saa akasimama. Akavuta pumzi mara ya pili, kuthibitisha. Akafunga kabati taratibu, akageuka, akauelekeza uso wake mahali ambapo alidhani watu wapo. Alikosea kidogo, aliuhutubia mto wa kitanda.

"Naomba mtu anipeleke chooni," alisema. "Mimi sioni."

Hata mke wa mwenye bucha aliisahau gundi.

"Sioni kabisa," aliendelea Fundi Saa, kwa sauti ya mtu anayesahihisha saa ya mteja. "Miaka sasa. Vile vifungo ndivyo vilivyokuwa vinanipeleka. Vilikuwa huku chini, mkononi. Sijui vimekwenda wapi, na nina haraka."

Aliyekwenda ni mdogo mtu. Alipita katikati ya watu akilia waziwazi, akamshika kiwiko.

"Nishike, usinisukume, shemeji," alisema Fundi Saa. "Na futa pua, nasikia."

Ahadi ilikuwa imeisha, na aliyeivunja ni mwenyewe. Mama Vifungo akatoa nyundo.

Alianza na fremu ya kioo. Akarudi kwenye ubao wa vifungo, akaungoa kwa upande wa makucha ya nyundo, ukashuka na rangi na kipande cha lipu, watu wakirudi nyuma na kukanyagana. "Usawa wa macho!" alikuwa akisema, kila pigo na neno lake. "Hayana! Kazi! Nyingine! Yoyote!" Zulia aliling'oa ukutani kwa mikono, akalitupa sakafuni mbele ya jiko na kulikanyaga kwa miguu yote miwili. "Hili linakanyagwa! Mnaona? Linakanyagwa!"

"Mama, tafadhali," alisema Bwana Mandhari, aliyekuwa amepauka. "Mama, usiguse!"

Wanaokumbuka vizuri wanasema hapo ndipo nyundo ilipoinuka kuliko ilivyohitajika kwa kazi ya kung'oa misumari. Wanasema pia kwamba Bwana Mandhari alirudi nyuma hatua kadhaa ili atazame, na safari hii alitokea nje.

Akiwa nje, huku utepe umemnasa mguuni, alipata wazo, maana hakuwa mtu wa kukata tamaa. "Mama, hili linaongeza thamani!" aliita kupitia dirishani. "Hatukujua! Tunaweza kuongeza aya kwenye tangazo! Mzee akubali tu kupigwa picha moja, akiwa anapapasa—"

Dirisha lilifungwa. Magurudumu ya saa, ambayo uzi wake ulikuwa umekatika kwenye vurugu, yaligongana vizuri sana.

Hasira ya Mama Vifungo haikuisha siku ile, na kwa kweli haijaisha. Aliigawa kwa haki. Mdogo wake alipata sehemu kubwa, mpaka alipokuja na mapazia mapya bila kuambiwa akaanza kuchanganya lipu kwenye ndoo, hapo akapunguziwa. Mumewe alipata sehemu yake jioni hiyohiyo.

"Miaka yote hii umenifunga mdomo," alimwambia, "halafu unawaambia watu wote kwa mpigo, tena ukiongea na mto!"

"Niliongea na mto?"

"Mto!"

"Basi mto huo ulisikiliza vizuri," alisema Fundi Saa. "Hakuna aliyeniuliza swali la kijinga."

Mkewe akacheka, na kucheka kukamkasirisha zaidi.

Utabiri wa Fundi Saa ulitimia wote. Mtaa mzima sasa humwongelesha kwa sauti kubwa. Mwenye bucha humsalimu kutoka ng'ambo ya barabara kama anayeita watu kwenye moto, na wanawake waliokuwa wakiwanyooshea waume zao kidole sasa hutikisa vichwa na kusema maskini, kumbe. Mama Vifungo huwajibu kwa sauti kubwa zaidi, mmoja mmoja. Lakini Fundi Saa hutoka nje. Bado wanashikana mikono, na mitaro sasa anaambiwa kwa mdomo.

Mkono wa kulia ulichukua muda kupona, na ncha za vidole hazikurudi kuwa zilivyokuwa. Mtu akimpa kifungo cha shati na cha koti hawezi kuvitofautisha kwa mkono huo. Kwa hiyo Mama Vifungo alimsimamisha tena kwenye korido, mikono chini, amelegea, akachukua chaki na kuanza upya kwa mkono wa kushoto, kwenye ukuta wa upande wa pili. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, uzee, kwa hiyo mstari mpya uko chini zaidi ya ule wa zamani. Mtu mzima akipita haraka anaweza asiuone.

Vifungo vya koti havikutosha. Vingine vilipotea siku ya vurugu, vingine viliondoka mifukoni mwa wageni, kwa kumbukumbu. Mstari ulifika karibu na choo ukaisha, na pale mwisho, ambapo ndipo pa muhimu kuliko pote, palihitaji kitu kikubwa, kizito, kisichochanganywa na kingine.

Kibao cha halmashauri kilikuwa na skrubu imara na herufi zilizoinuka vizuri. Lazima isemwe kwamba hapo hawakubania. Kipo sasa kando ya mlango wa choo, kwa kimo cha chaki. Herufi za mwanzo zimeanza kung'aa kwa kupapaswa.